Washenga wa Mkunga, Sehemu ya Tisa: Gauni Linalojua Bega

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au jirani aliliazima kwa dakika tano na mpaka leo hajalirudisha, usihangaike. Tulimwacha Mkunga katika chumba cha kurekodia, boksi limefunguliwa miguuni pake, na mikononi ameshika gauni jeupe la harusi ambalo hakuliagiza.

Alilipima kifuani na kujitazama kwenye kioo cha dirisha la chumba cha mitambo.

Bega la kushoto la gauni lilikuwa chini ya lile la kulia kwa upana wa kidole.

Bega lake mwenyewe liko hivyohivyo. Alianguka ngazini akiwa na miaka saba, mfupa ukaunga vibaya. Watu maelfu wanaijua sauti yake, lakini redio haina macho, na bega hilo halijawahi kutangazwa.

Kwa mgeni wa hadithi hii: Mkunga si mkunga. Hajawahi kuzalisha hata paka. Ni mwigizaji wa mchezo wa redio unaorushwa kila Jumapili jioni, na kwa miaka sita ameigiza Mkunga wa zahanati ya mtoni, anayependwa na Mpimaji, fundi wa kupima ardhi. Jina la uigizaji limemng'ang'ania kama gundi. Benki wanamwita Mkunga. Sokoni wanamwita Mkunga. Shangazi yake aliyemlea siku hizi naye hujisahau.

Wasikilizaji wanaotaka Mkunga na Mpimaji waoane wamejiita Washenga. Usiwacheke. Wewe uliyemwandikia mhariri barua ya kurasa tatu kuhusu hadithi hii unajua unachokificha.

"Limekukaa kabla hujalivaa," alisema Vishindo kutoka kwenye kona yake.

Vishindo ndiye mwenye kutengeneza milio yote ya mchezo. Mvua ni mchele kwenye ungo, nyayo ni beseni la mchanga, na mfupa ukivunjika ni kijiti kikavu. Leo mbele yake alikuwa na mzigo mzima wa vijiti.

"Kuna kadi chini," alisema Bi Saa, mwongozaji wa mchezo, huku akitazama saa yake kama kawaida yake. "Isome haraka, tumeshachelewa."

Mkunga aliisoma. Wino wa buluu, herufi ndogo zilizonyooka.

*Mkunga na Mpimaji. Leo, saa kumi kamili. Usiogope. Kunywa maji, mama. Dunia haikimbii.*

Aliirudia mara ya pili, kisha akakaa kitako juu ya spika.

"Haya maneno ya mwisho," alisema. "Nani mwingine aliyasikia?"

Bi Saa alichukua kadi, akasoma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaisahau saa.

Mwezi mmoja uliopita walirekodi tukio la posa, Mpimaji akimwomba Mkunga awe mke wake juu ya daraja. Katikati ya tukio Mkunga alishikwa na kwikwi. Mwigizaji mwenzake, badala ya kukasirika, aliacha karatasi akasema kwa upole, "Kunywa maji, mama. Dunia haikimbii." Haikuwa kwenye maandishi. Walicheka wote, Bi Saa akaamuru kipande kikatwe, wakarudia upya. Hakikurushwa hewani hata siku moja.

Waliokuwamo ni wanne tu: yeye, Mpimaji, Bi Saa na Vishindo.

"Mpimaji mwenyewe yuko wapi?" Mkunga aliuliza.

"Hajafika. Simu inaita, haipokelewi."

Mtu anayeigiza Mpimaji ni mfupi, ana kipara na watoto wanne, na akipumzika hukoroma. Lakini kwa miaka sita hajawahi kukosa kurekodi. Alikuja na homa. Alikuja siku aliyomzika baba mkwe wake.

"Twende polisi," alisema Mkunga.

"Tukawaambie nini? Tumeletewa zawadi?" Bi Saa alikunja kadi. "Mwaka jana hawa Washenga walituletea kitanda cha mtoto, na Mkunga hata mimba hana. Wana mapenzi mengi, basi. Mimi linanisumbua lingine. Leo tunarekodi nini?"

Wote walijua. Leo walikuwa wanarekodi kifo cha Mpimaji. Mwigizaji wake amepata kazi kwingine, na Bi Saa ameamua daraja livunjike naye akiwa juu yake. Ndiyo maana ya ule mzigo wa vijiti.

"Hii siri ikitoka kabla ya kurushwa, tumekwisha," Bi Saa aliendelea. "Mmemwambia mtu yeyote?"

"Mimi nimwambie nani?" alisema Vishindo. "Nyumbani nina redio na panya."

"Sijamwambia mtu," alisema Mkunga, na ilikaribia kuwa kweli.

Alikuwa amemwambia mmoja tu, tena asiyehesabika: mchumba wake, Mfamasia. Kumwambia yule habari za mchezo ni sawa na kuuambia ukuta. Yeye ndiye mtu pekee mjini ambaye hajawahi kuusikiliza. Hana hata redio.

Na hicho ndicho kilichomvutia Mkunga kwake. Miezi minane nyuma Mkunga aliingia duka la dawa akakohoa, akasema anataka dawa ya koo, na foleni nzima ikageuka kwa kuitambua ile sauti. Mwanamume mmoja aliomba amsalimie mke wake kwenye simu kwa maneno ya Mkunga. Mfamasia hakushtuka. Aliuliza tu, "Kikohozi kimeanza lini? Na jina lako nani?" Mkunga alitaka kulia kwa furaha. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemuuliza jina.

Tangu siku hiyo, Mfamasia anamwita kwa jina alilopewa na mama yake. Ni lake, hatutalitaja hapa. Mwanamume huyo alikwenda kuposa peke yake, bila mjomba wala mshenga, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya cherehani ya Shangazi na kusema alichojia. Shangazi alicheka hadi sindano ikamtoka mdomoni. Jogoo huyu amejileta mwenyewe, alisema. Harusi ilikuwa Jumamosi, yaani keshokutwa.

Mkunga aliinuka akamwendea Vishindo.

"Vipande vinavyokatwa anavitunza nani?"

"Mimi," alisema Vishindo. "Huwa siwezi kutupa sauti ya mtu."

"Kile cha kwikwi umempa nani?"

Vishindo alitumbukiza vidole kwenye beseni la mchanga, akavichezesha. "Nilitoa nakala moja tu. Kwa nia njema."

"Kwa nani?"

"Kwa Shangazi yako."

Mambo yakawa mambo. Mjini pale hakuna asiyejua kwamba Vishindo, aliyefiwa na mkewe miaka mitano iliyopita, anampenda Shangazi na hathubutu kusema. Suruali yake moja ameipeleka kwake kupunguzwa mara tatu. Sasa inakaribia magoti.

Mkunga alilikunja gauni, akalitia kwenye boksi, akatoka. Ilikuwa saa nane na nusu mchana.

*

Duka la Shangazi ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa na redio iliyofungwa kwa waya dirishani. Mkunga aliwasikia wanawake kabla hajafika mlangoni.

"Mimi nasema alimpenda tangu siku ya mwavuli," alisema muuza mkaa. "Alimwachia mwavuli akaondoka na mvua kichwani, wala hakuuliza utarudishwa lini."

"Mwavuli ni adabu tu," alisema mke wa kinyozi. "Mapenzi yalianza siku ya mapacha. Alimshikia taa usiku kucha. Mume wangu aliposikia kipindi kile aliamka akaniletea maji ya kuoga bila kuombwa. Mpaka leo ananiletea. Nani wa kuniambia wale watu ni wa uongo?"

"Lakini hajawahi kumwambia nakupenda."

"Ndiyo utamu wenyewe huo."

Mkunga alipoingia wote walinyamaza, kisha wote wakatabasamu. Alizoea tabasamu hilo. Leo lilimtia baridi.

"Limekukaa?" Shangazi aliuliza kabla ya salamu.

"Shikamoo Shangazi. Kwa hiyo ni wewe."

"Marahaba. Nani mwingine analijua bega lako? Nimekupaka dawa ya kuchua bega hilo mwaka mzima." Shangazi alizima cherehani. Yeye ndiye mwenyekiti wa Washenga, na hajawahi kuona aibu juu ya jambo hilo. "Ni zawadi ya chama kwa harusi yako ya Jumamosi. Hatukufanikiwa kukuoza kwa Mpimaji, basi tukasema tukuvishe. Lakini mbona uso umekuwa hivyo?"

Mkunga alimpa kadi. Shangazi aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Hii si yangu," alisema taratibu. "Gauni ni langu. Hii sijaiona."

"Nani aliagiza gauni?"

"Mlezi."

"Mlezi gani?"

Wanawake walitazamana. Muuza mkaa akapata shughuli ya ghafla akaondoka, na mke wa kinyozi akamfuata.

Shangazi alitoa rundo la barua kwenye droo ya vifungo. Alieleza kwamba kwa nusu mwaka sasa mtu anayejiita Mlezi wa Washenga amekuwa akisukuma barua chini ya mlango alfajiri. Hawajawahi kumwona. Kitambaa cha gauni kilikutwa mlangoni, na kitambaa cha suti pia.

"Suti ya nani?"

"Ya Mpimaji. Vipimo vyake nilivipata kwa mkewe, nikamwambia ni siri. Suti na boksi la gauni viliachwa jana kizingitini kama tulivyoagizwa, vikachukuliwa." Shangazi alichomoa barua moja. "Mwanangu, huyu mtu anaandika vizuri. Ungemsoma ungemwamini. Sikiliza."

Akasoma.

*Wengi husifu usiku wa mapacha kwa sababu ya taa. Wanasahau mkono. Mpimaji aliishika taa kwa mkono mmoja tangu mtoto wa kwanza hadi wa pili. Angebadili mkono, kivuli kingemwangukia Mkunga machoni. Kwa hiyo hakubadili. Hakuna aliyemshukuru, naye hakungoja shukrani. Mwenye kupenda namna hiyo hana haja ya kusema.*

Mkunga alikumbuka tukio lile. Taa haikuwapo. Kulikuwa na Vishindo akigonga glasi kwa msumari. Hata hivyo maneno yale yalimgusa, na kuguswa kule kukamwogopesha zaidi.

"Barua ya mwisho inasemaje?"

Shangazi hakutaka. Mkunga aliichukua mwenyewe.

*Wameamua kumuua. Daraja litavunjika naye yuko juu. Sitaruhusu kaburi liwatangulie. Nitawafungisha ndoa kwanza, kisha nitawalaza pahali ambapo hakuna mwongozaji wa kuwatenganisha.*

"Nilidhani ni maneno ya uchungu tu," alisema Shangazi. "Na mimi ningeandika hivyohivyo. Kwani ni kweli mnamuua?"

Mkunga alikuwa anahesabu watu. Bi Saa anajua. Vishindo anajua. Mwigizaji mwenyewe anajua. Na ukuta mmoja, Jumapili iliyopita, ukimsikiliza huku ukimmenyea chungwa.

"Shangazi, kile kipande cha kwikwi kiko wapi?"

"Nimemwazima mkwe."

"Mkwe yupi?"

"Kwani nina wakwe wangapi? Mfamasia. Wiki tatu sasa. Nilimwonea huruma, mtu anakwenda kumwoa Mkunga hajamsikia hata mara moja. Nikasema aanze na kipande kifupi."

Mkunga aliigeuza barua. Nyuma kulikuwa na maagizo ya fundi. *Vifungo vya gauni: 2 × 6. Vifungo vya suti: 1 × 3.* Chini kulikuwa na tarehe, na saba yake imekatwa katikati kwa kistari.

Pembeni ya cherehani, palepale palipokuwa kila siku, kulikuwa na bahasha ndogo ya khaki ya vidonge vya presha vya Shangazi. Aliivuta karibu na barua. Wino wa buluu. Herufi ndogo zilizonyooka. *1 × 2, asubuhi na jioni.* Na tarehe yenye saba iliyokatwa katikati.

Vitu hivyo viwili, barua na bahasha, vimekaa duka moja kwa nusu mwaka. Shangazi alisoma barua kwa ajili ya maneno na bahasha kwa ajili ya dozi, na hakuna siku aliyoviweka pamoja. Nani angeviweka?

"Hapana," alisema Shangazi. "Yule kijana hana hata redio."

Simu ya Mkunga iliita. Alikuwa mke wa Mpimaji.

"Wifi, samahani kukusumbua kazini," alisema. "Mwambie baba watoto apokee simu yake. Tangu saa tatu asubuhi napiga."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Kazini. Ila koo lilikuwa linamwasha, akasema anapitia kwanza dukani kwa mchumba wako."

Mkunga alitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na tano.

"Shangazi, piga polisi. Wakikucheka, mwite Vishindo, mwite kinyozi, mwite yeyote mwenye mikono. Mimi natangulia."

"Huendi peke yako."

"Miguu yako imevimba, Shangazi. Na yule mtu ana watoto wanne."

Shangazi alimshika kiganja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimwita kwa jina lake la nyumbani, kisha akamwachia.

*

Mlango wa duka la dawa ulikuwa na karatasi: *Tumefunga kwa shughuli ya kifamilia.* Mkunga alisukuma. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Ndani pamefagiliwa, pamepigwa deki. Viti vya kungojea vilipangwa safu mbili kuelekea kaunta, na kaunta ilitandikwa kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni. Harufu ya spiriti ilimjaa puani.

Kisha alijisikia mwenyewe akiongea.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa yake, juu ya daraja, mwezi mmoja uliopita. Ikafuata kwikwi. Ikafuata sauti ya Mpimaji, pole, ya kibaba: kunywa maji, mama. Kicheko cha watu wanne. Kimya. Kipande kikaanza upya.

Alilivuta pazia.

Mwigizaji wa Mpimaji alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mikono, ndani ya suti nyeusi iliyomkaa sawasawa, kichwa kimeegemea bega. Kifua kilipanda, kikakaa sana, kikashuka. Mtu huyu anayekoroma hata akisinzia kitini, leo hakutoa mlio.

Rafu nzima nyuma yake, mahali pa makopo ya dawa, ilijaa vinasa sauti.

"Umekuja mapema," alisema Mfamasia.

Alikuwa amesimama penye mlango alioingilia Mkunga. Koti jeupe limepigwa pasi. Alifunga mlango kwa ufunguo bila haraka, akautia ufunguo mfukoni, na kumtazama kwa macho yaleyale ya siku zote. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Hakuwa amebadilika.

"Ulisema huna redio," alisema Mkunga.

"Sina redio moja. Ninazo nne, na vinasa sauti kumi na viwili. Umeme ukikatika, betri ikiisha, siwezi kukosa neno."

"Umempa nini?"

"Dawa ya koo. Koo lake lina kazi leo."

"Huyu ana mke. Ana watoto."

"Yule mwenye mke ni mtu aliyemwazima Mpimaji koo," alisema Mfamasia kwa subira, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza. "Sina ugomvi naye. Lakini anataka kuondoka na lile koo, na ninyi mmekubali."

Mkunga alirudi hatua moja, mgongo ukagusa rafu. "Tunaoana Jumamosi, mimi na wewe. Ulikuja kuposa mwenyewe. Hukuleta hata mshenga."

"Mshenga haleti mshenga."

Alilisema bila hila yoyote. Miezi minane ikapita mbele ya Mkunga, machungwa yaliyomenywa, matembezi ya jioni, mkono ambao haukuwahi kumshika zaidi ya kumvusha barabara. Alidhani ni heshima. Alijivunia heshima hiyo mbele ya mashoga zake.

"Nilikuposa kwa niaba yake," alisema Mfamasia. "Nilikutunza. Sikukuita Mkunga kwa sababu jina hilo ni la yeye kuliita. Unadhani ilikuwa kazi rahisi?"

Iliuma. Palepale penye hofu, iliuma, kwa sababu alimpenda mtu huyu na bado alikuwa anampenda kwa upande wa moyo ambao habari ilikuwa haijaufikia.

Kisha akakumbuka kazi yake. Alivuta pumzi hadi tumboni, akateremsha mabega, na aliposema, aliyesema ni Mkunga wa zahanati ya mtoni.

"Bwana harusi hawezi kufunga ndoa amelala," alisema kwa ile sauti iliyotuliza wajawazito wa kubuni miaka sita. "Mwamshe. Nataka anitazame."

Machozi yalimlengalenga Mfamasia. Alipiga hatua kuelekea kwenye kiti, akanyoosha mkono kugusa bega la suti, na Mkunga akaanza kuhesabu hatua zake kutoka pale hadi kwenye ule mfuko wenye ufunguo.

Mkono ukasita hewani.

"Hapana," alisema Mfamasia. "Mkunga asingesema hivyo."

"Nimesema."

"Kipindi cha arobaini na moja. Mpimaji amerudi porini hajalala siku tatu, wagonjwa wanangoja, na Mkunga anakataa asiamshwe. Anakaa kando yake kwenye kigoda mpaka anaamka mwenyewe. Mkunga hamwamshi Mpimaji. Hajawahi." Alimgeukia, na sasa machoni mwake mlikuwa na huzuni ya kweli. "Umemwigiza miaka sita na hujamsikiliza hata kidogo."

Mkunga alikuwa amekisahau kipindi hicho siku ileile walipokirekodi.

Ilikuwa bado dakika tatu kufika saa kumi. Barabarani hapakuwa na king'ora wala nyayo za mtu. Mkunga alifungua kinywa apige kelele, na kilichotoka hakikuwa kelele.

Ilikuwa kwikwi.

Alijiziba mdomo. Ikaja ya pili, kali kuliko ya kwanza, ikamtikisa bega lile la kushoto.

Uso wa Mfamasia ulifunguka kwa furaha. Alikwenda kwenye meza ndogo kando ya kiti, palipokuwa na glasi mbili juu ya sahani. Iliyokuwa karibu na mkono wa Mpimaji ilikuwa tupu, na chini kabisa kumebaki unga mweupe. Aliichukua ile iliyojaa, akaishika kwa mikono miwili ili isimwagike, akamjia nayo.

"Kunywa maji, Mkunga," alisema. "Dunia haikimbii."